Motoka ya zamani ni nguvu? Tuangalie vizuri

Yaya wangu anatafuta motoka ya jamaa. Wako watu sita, na kila mwisho wa mwezi wanatoka Lubumbashi kwenda Likasi kuona mama. Amepata mbili: moja ya zamani sana, tole yake nzito, na ingine Toyota ndogo ya okazyo kutoka Japani. Akaniandikia: "We ulisoma, chagua." Bandugu, mimi nilisoma sheria, si mekanike. Lakini usiku mzima niliangalia majaribio ya kugongesha motoka, na ninataka kutoa hukumu yangu hapa, juu ninajua wengi wenu wanabishana vilevile.

Ya kwanza ni filme ya 2009. IIHS, shirika la makampuni ya bima Marekani, lilikuwa linatimiza miaka 50. Likachukua Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, likazigonganisha uso kwa uso, upande wa dereva, kilomita 64 kwa saa. Kwa macho ya baba zetu Bel Air ingeshinda. Wapi! Nafasi ya dereva ilikunjika kama kopo ya maziwa. Malibu ilisagika pua, lakini mahali pa watu palibaki. Dereva wake pengine angeumia mguu tu. Uzito wa tole hausaidie kitu kama hakuna mtu aliyepanga wapi ikunjike na wapi isikunjike. Filme nzuri, ingawa naona inafurahisha mno: nani anatuuzia Bel Air hapa?

Ya pili inatugusa kabisa. Mwaka 2018 Global NCAP ilijaribu Nissan NP300 Hardbody, mpya, ile ya kuuzwa Afrika. Nyota 0 kwa watu wazima, na ilikuwa na mifuko ya hewa mbele! Mwaka 2019 wakaigonganisha na Navara ya 2015 iliyokwisha kutumika Ulaya. Kampuni ni moja. Dereva wa ile mpya pengine angekufa. Wa ile ya okazyo angetoka kwa miguu yake. Kwangu hii ndiyo kazi ya maana kuliko zote, juu inajibu swali letu sisi: mpya ya bei rahisi ao okazyo iliyotengenezwa vizuri?

Sasa lawama yangu juu ya nyota zenyewe. Jaribio la mbele ni kama kugongana na motoka ya uzito sawa na yako. Barabara ya Likasi imejaa makamio ya shaba. Toyota ndogo ya nyota tano mbele ya kamio ni mambo ingine, na nyota hazisemi hivyo kwa sauti. Tena, masharti yanakazwa kila baada ya miaka, kwa hiyo nyota tano za 2003 si nyota tano za leo. Muuzaji hatakuambia.

Lakini kubwa ni hii: mule ndani wanasesere wote wamefunga mkanda, na wale wadogo wamekaa mu viti vya watoto. Kwetu mtoto anakaa ku magoti ya mama. Fanyeni hesabu: motoka inatoka kilomita 64 hadi sifuri kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono ya mama kama mzigo wa kilo 180. Mama gani atamshika?

Jumamosi tulienda kuona ile Toyota. Nikageuza ufunguo, nikatazama taa ya mfuko wa hewa. Inapaswa kuwaka kidogo, kisha izime. Haikuwaka hata mara moja. Muuzaji akasema "ni ampule tu". Pengine. Ao mfuko ulikwisha kulipuka huko Japani na mtu akaficha taa. Mikanda ya nyuma tuliikuta imesukumwa chini ya kiti.

Nimemwambia yaya: aache ile ya zamani, achukue Toyota, lakini makanika mwingine afungue volani mbele ya macho yetu kabla ya kulipa, na mikanda yote itolewe nje. Akakubali. Kisha akaniuliza: "Mikanda iko tano. Sisi tuko sita. Nani atabaki?"

Bado sijamjibu.