Kinachorudi Ndicho Tangazo

Bibi yangu anaishi nje kidogo ya Pangani, mahali ambapo mawimbi ya redio hufika yamechoka. Vipindi anavyovipenda, mashairi, taarab na salamu, hurushwa kuanzia Magharibi na kuendelea, saa ambazo yuko kwenye msala au keshapanda kitandani. Ndiyo maana namrekodia mimi hapa Tanga mjini. Waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la redio hadi kwenye kompyuta, kwa muda wa saa tatu kila jioni. Jumamosi naweka kila kitu kwenye memori kadi, kondakta wa basi anamfikishia, naye anaichomeka kwenye simu yake ya kitochi.

Kero ilikuwa matangazo ya biashara. Hewani tangazo hupita likaenda zake, lakini ukisikiliza jioni sita mfululizo kutoka kwenye kadi, sabuni ile ile inakujia kila baada ya wimbo wa pili. Kuruka mbele kwa vitufe vya kitochi kunataka macho, na ya bibi yameanza kuzimika. Nikaamua kompyuta iyaondoe yenyewe.

Wa televisheni walilianza jambo hili zamani. Picha ina msaada wake: baina ya kipindi na tangazo kioo huwa cheusi kwa sehemu ya sekunde na sauti hunyamaza, basi mashine inatafuta weusi na ukimya vikikutana. Redio haina weusi, na ukimya wenyewe ni adimu, kwa sababu fundi mitambo mwema haruhusu hewa ikae tupu. Nilijaribu kichujio cha kutafuta ukimya kilichomo ndani ya programu ya FFmpeg. Kikaniletea pumzi za watangazaji na mapumziko ya washairi baina ya beti. Hayo ndiyo hasa nisiyotaka kuyagusa.

Nikajaribu ukubwa wa sauti, kwa kuwa sote tunaamini tangazo hupiga kelele kuliko kipindi. Katika FM imani hiyo haikufikishi mbali. Kabla ya sauti kufika kwenye mnara hupita katika mtambo unaoisawazisha, unaokandamiza ya juu na kuinua ya chini. Optimod za Orban zinaifanya kazi hiyo tangu 1975. Kinachotoka upande wa pili, awe mghani au muuza mabati, kimo chao karibu ni kimoja.

Jibu lilikuwa kwenye malalamiko yenyewe: sabuni ile ile. Mwenye tangazo analipa ili lirudiwe, tena lirudiwe bila kubadilika, neno kwa neno na pumzi kwa pumzi. Mtangazaji akisalimia leo na kesho, salamu mbili hizo hazilingani hata akitumia maneno yale yale. Tangazo lililorekodiwa studio ni lile lile daima. Kompyuta basi haihitaji kuelewa sabuni ni nini. Inatosha kuiuliza: hiki umewahi kukisikia?

Namna ya kuuliza swali hilo ilielezwa vizuri na wahandisi wawili wa Philips, Jaap Haitsma na Ton Kalker, mwaka 2002. Inafaa kuitazama kwa karibu. Sauti hugawanywa katika mikanda 33 ya masafa kati ya hezi 300 na 2,000, humo humo yanamoishi maneno ya binadamu. Nguvu ya kila mkanda hulinganishwa na ya jirani yake, zikapatikana tofauti 32. Kisha kwa kila tofauti huulizwa: imeongezeka au imepungua kuliko ilivyokuwa hatua iliyotangulia? Ikiongezeka huandikwa 1, isipoongezeka 0. Hatua moja ni milisekunde 11.6, na kila hatua huacha namba moja ya biti 32. Huo ndio unyayo wa sauti.

Ninachokipenda ni kwamba unyayo huu haujali sauti ni kubwa kiasi gani. Unajali kipi kimezidi kipi. Redio ikikwaruza, mvua ikinyesha, waya wangu ukilegea, biti kadhaa zitageuka lakini umbo litabaki. Hukumu hutolewa kwa kulinganisha namba 256 mfululizo, yaani kama sekunde 3 za sauti, zenye jumla ya biti 8,192. Vipande viwili visivyo na uhusiano vitatofautiana kwa karibu nusu ya biti, kama sarafu iliyorushwa. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 35, Haitsma na Kalker walihesabu kuwa ni sauti moja. Mpaka huo nimeutumia kama ulivyo na sijapata sababu ya kuusogeza.

Saa moja ya redio huzaa namba takriban 310,000. Kila moja inachukua baiti nne, hivyo saa nzima ni megabaiti 1.24, na mwezi wa jioni zangu unaenea kwenye kadi yoyote ya sokoni. Kulinganisha kila namba na kila nyingine kungeichosha kompyuta bure. Badala yake unatengeneza faharasa: namba fulani ilionekana siku gani, dakika gani. Kwa kila namba ya leo unafungua faharasa, ukikuta ilishaonekana unavipanga vipande viwili sambamba na kupima biti zote 8,192. Kati ya namba 256, moja tu ikiwa imesalimika bila kosa, mlango umefunguka.

Lakini si tangazo peke yake linalorudi. Nyimbo hurudi, jingo la kituo hurudi, mlio wa taarifa ya habari hurudi. Urefu ulinisaidia hapo. Matangazo ninayorekodi huwa ya sekunde 15, 30, 45 au 60, wimbo wa taarab hauishi kwa dakika moja, na jingo aghalabu halifiki sekunde kumi. Nikaweka kanuni: kipande cha sekunde 12 hadi 65, kilichosikika katika siku tatu tofauti. Muziki unaofungua kipindi cha mashairi uliingia kwenye mtego huo, maana kila Jumanne mtangazaji anakaribisha wasikilizaji juu ya gambusi lile lile. Huo niliutoa kwa mkono na kuuandika kwenye orodha ya visivyoguswa.

Kukata nako kuna adabu yake. Unyayo unakuambia tangazo liko hapa, haukuambii limeanza wapi hasa. Nilisogea nyuma hatua kwa hatua mpaka ulinganifu ulipovunjika, kisha ndani ya nusu sekunde nikatafuta pahala penye sauti ndogo kuliko kote, nikakata hapo na kuzififisha ncha mbili kidogo zisigongane. Hata hivyo bibi alinipigia: “Mjukuu wangu, shairi la Jumanne mbona halina mkia?” Mtangazaji alikuwa ameanza kurusha tangazo kabla mghani hajamaliza kituo chake. Tangu hapo, kukiwa na shaka, makali ya kisu yanaegemea upande wa tangazo. Afadhali abaki na neno moja la sabuni kuliko kupoteza kina cha mwisho.

Kosa kubwa lilikuja baadaye, nalo lilikuwa langu. Tangazo jipya halina historia, hivyo siku mbili za kwanza hupita salama. Nikaongeza kanuni ya kubana: kipande kisichojulikana, kifupi kuliko sekunde 65, kikikaa baina ya matangazo mawili yanayojulikana, nacho kiondolewe. Kwenye karatasi ilikuwa kanuni nzuri, kwa sababu matangazo hutembea kwa makundi. Baada ya wiki mbili bibi akapiga tena, safari hii bila kuniita mjukuu. Jirani yake alikuwa amesikia redioni msiba wa mwanamke waliyecheza naye ngoma ujanani. Kwenye kadi hakuna. “Wewe ulikuwa unarekodi nini?”

Nikarudi kwenye rekodi asilia. Lilikuwepo: sauti kavu ya mtangazaji, sekunde 50, familia inasikitika kutangaza kifo, maziko ni saa kumi, habari ziwafikie fulani na fulani. Limesomwa baina ya mabati na mkopo, na kanuni yangu ikalimeza. Lugha yetu yote mawili inayaita matangazo, la biashara na la msiba, na kwa mpangilio wa dakika hewani mashine nayo iliyaona ni kitu kimoja.

Dawa niliipata katika kazi ya Eric Scheirer na Malcolm Slaney ya mwaka 1997 kuhusu kutenganisha usemi na muziki. Mtu anaposema, nguvu ya sauti yake hupanda na kushuka takriban mara nne kwa sekunde, mwendo wa silabi, na katikati mna vijishimo vya ukimya. Muziki hujaza mashimo hayo. Tangazo la biashara karibu kila mara limetandikiwa muziki chini, ilhali la msiba husomwa tupu. Siku hizi kipande kilichobanwa kikiwa ni usemi mtupu, hakikatwi. Matokeo yake matangazo machache ya mbolea, yasiyo na muziki, yanamfikia bibi. Hajalalamika.

Nimeacha pia kufuta. Rekodi asilia inabaki nzima, na programu inaandika tu orodha ya mistari: anza hapa, ishia hapa, sababu. Nakala ya kadi hutengenezwa kutokana na orodha hiyo. Kila kilichobanwa bila historia, kiwe na muziki kisiwe nao, hupata alama ya kuuliza. Ijumaa usiku nakaa na hedifoni nikivisikiliza mwenyewe kimoja kimoja, kisha ndipo kadi inapoingia kwenye bahasha ya kondakta.