Kufungua na Kufunga

Nilipomfikishia mzee kinanda cha babu, sikutaka akitengeneze. Nilitaka akifungue, akitandaze kwenye gunia, anihesabie vipande.

Kibanda chake ni cha mabati, kando ya soko la mji wa Kakamega. Hapo hutengeneza saa, redio na cherehani, na mara mojamoja vinanda vya santuri. Changu kilikuwa HMV 102, kile cha kubebwa mkononi kama sanduku la safari, aina iliyoanza kuuzwa 1931 ikaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilikuwa juu ya kabati kwetu Shinyalu tangu tulipomzika mwenyewe. Dalali mmoja alikuwa amenitajia bei mbili: ya kinanda kizima, na ya kinanda kilichofunguliwa. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kila gia ya mota ina mteja wake, kichwa cha sauti kina wake, mkono na hendeli vina wao, na kila kipande kinaingia kwenye kifurushi chepesi cha posta. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na karo ya binti yangu haikuwa imetimia.

"Mulembe, mzee," nikamsalimu, nikamweleza.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akachomeka hendeli, akaanza kuzungusha polepole huku sikio lake likiwa karibu na kasha. Akaachia breki. Sahani ikazunguka, halafu ndani kukasikika kishindo, kama mtu aliyegonga mlango mara moja. Ikaendelea kuzunguka.

"Umesikia? Springi haijakatika. Grisi imeganda, mikunjo inashikana, ikiachana inagonga. Kijana wangu, hiki hakijafa. Kimekauka koo."

Siku ile alikifungua kweli, ila kwa namna ambayo sikuitarajia. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye kipande cha boksi, mahali palepale ilipokuwa kwenye mota, hata boksi likawa ramani. Pipa la springi alilishika kwa kitambaa kinene, kwa sababu utepe ule wa chuma uliokunjwa humo una nguvu za kuchana kiganja. Aliuachia kidogo kidogo, akauosha kwa mafuta ya taa, akaupaka grisi mpya iliyochanganywa na unga wa risasi ya penseli. Kisha akanionyesha kitu ambacho tangu hapo siwezi kukisahau.

Kilikuwa kidhibiti mwendo, na urefu wake hauzidi kidole. Vipande vitatu vya madini mazito vimeshikizwa kwenye springi bapa kuzunguka mhimili mwembamba. Mota ikitaka kukimbia, vipande hivyo vinatanuka kama sketi ya mcheza ngoma anapojizungusha, na vikitanuka vinavuta kisahani kidogo mpaka kiguse kipande cha ngozi. Ngozi inakizuia. Mwendo ukipungua, vinajikusanya tena, ngozi inaachia. Hivyo ndivyo mashine isiyojua umeme wala betri inavyoshikilia mizunguko 78 kwa dakika, wimbo mzima, bila mwimbaji kugeuka mtoto wala mlevi. Mzee alidondosha tone moja la oili ya cherehani kwenye ngozi ile. Tone moja tu. "Ikikauka inapiga kelele," akasema, "ikilowa sana inateleza."

Nikatazama meno ya gia. Yamelika, lakini yamelika pamoja: jino hili limefuata jino lile miaka nenda miaka rudi, mpaka kila moja limechukua umbo la mwenzake. Ukiyatenga na kumpelekea kila mteja lake, chuma kinabaki, kuzoeana kunakwisha, na huko yaendako yataanza kutafunana upya na wageni. Mzee mwenyewe alisoma katika mashine nzima kama hii. Hakuna chuo kilichomfundisha vinanda. Alifungua kizima, akakosea, akafunga, akasikiliza, akafungua tena. Ukiuza vipande vya kilicho kizima umeuza pia somo ambalo fundi wa kesho angelisoma.

Lipo na jambo la nyumbani. Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ilimchukua Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na sahani zao zikasambaa Afrika Mashariki kote. Baadaye ikaja zamu ya magitaa ya huku kwetu magharibi: George Mukabi, aliyefariki 1963, na mtindo wake wa omutibo, kisha Abana ba Nasery wa Bunyore, na chupa ya Fanta inayokwaruzwa kushika mapigo. Nyumba nyingi zilizosikiliza santuri vijijini hazikuwa na stima. Mkono wa mwenye nyumba ndio uliokuwa stima. Mtu alisimama, akapiga hendeli, akabadilisha sindano, akapata wimbo wa dakika tatu, akasimama tena. Na sindano ilibadilishwa kwa kila upande, kwa kuwa sahani zile zilichanganywa na unga wa mawe ili ziisage sindano, badala ya sindano kuichimba sahani. Leo simu itakupa wimbo uleule. Jasho lililoulipia hutalijua mpaka ushike hendeli.

Sitaki kumhukumu anayeuza vipande. Karo haingoji, na tumbo halili historia. Tena spea zinahitajika: bila kinanda kimoja kutoa springi, kingine hakitaimba. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na dalali aliutumia msemo huo kunituliza. Lakini koleo mhunzi hulifua mwenyewe jioni hiyohiyo. Kiwanda kilichofua mota hii hakifui tena.

Na vipande vinakwenda wapi? Baadhi huokoa vinanda vingine, na hilo ni jema. Vingine huishia kwenye udanganyifu. India, kwa mfano, mota na vichwa vya vinanda vya kubeba huchomolewa, vikatiwa katika masanduku mapya yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, na mtalii akauziwa kama kitu cha kale. Kinanda cha kweli kimekufa ili cha uongo kizaliwe.

Sheria haitatusaidia hapa. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 huita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Gramafoni ya Emile Berliner ilipata hataza 1887, na nyingi zilizofika kwetu zilikuja karne iliyofuata. Kwa hiyo kinanda cha babu, mbele ya sheria, ni chombo tu. Nchi hii inajua gharama ya kukithamini kipande kuliko kizima: Januari 2022 minara ya stima ilianguka, taifa likaingia gizani, serikali ikasema vyuma vya minara hiyo vilihujumiwa na ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Ila hakuna amri itakayotolewa kwa ajili ya kinanda kimoja cha Shinyalu. Kinalindwa na dhamiri ya mwenye bisibisi, basi.

Mzee ana kanuni yake, na ameiweka kwenye mikebe ya maziwa ya unga rafuni. Ndani mna springi, skrubu, mikono, vibamba vyembamba vya alumini. Kila mkebe una karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: kimetoka wapi, kilikufa kwa nini. Kinanda kimoja kililiwa na mchwa mpaka kasha likawa unga. Kingine madini yake yalivimba na kupasuka, ugonjwa usio na dawa. Huchukua kwa waliokufa wenyewe, akawapa wanaopumua, na huandika ili deni lijulikane. Kilicho hai hakichinji. Akishindwa kukitengeneza hukifunga kama alivyokikuta, akakirudisha, kwa sababu pengine atakuja fundi anayemzidi.

Nilipomuuliza iwapo haoni uchungu kuacha pesa zipite, alinijibu kwa isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. "Ngoma za isukuti ni tatu," akasema. "Kubwa, ya kati na ndogo. Nikikuuzia ile ndogo, umenunua ngoma. Isukuti umeiacha njiani."

Jioni alianza kufunga. Alifuata ramani ya boksi kinyumenyume, na kila skrubu ikarudi kwenye tundu lake. Ya mwisho hakuifunga. Alinipa bisibisi. Mkono wangu ulitetemeka kidogo, kwa kuwa mtoto yeyote anajua kufungua, na mimi nilikuwa sijawahi kufunga kitu.

Nilimlipa malipo yake ya kawaida. Karo niliimalizia kwa mkopo wa chama, na bado naulipa. Jumapili binti yangu alipokuja nyumbani nilimkabidhi hendeli. Alizungusha mpaka nikamwambia inatosha, nikaiweka sahani ambayo karatasi yake ya katikati imefutika hata jina la mwimbaji halisomeki. Gitaa likaanza. Wimbo ulipofika mwisho, mtoto akasimama bila kuambiwa, akaishika hendeli tena.