Nusu Iliyogeuka Sifuri

Mliokuwa nyuma ya lile duka la fotokopi Jumamosi hamhitaji kusimuliwa. Kompaila ilimrushia dogo, kijana wetu anayejifundisha lugha ya Fortran, makosa saba kwa mpigo. Akakuna kichwa, akapandisha kishale hadi juu kabisa ya programu, akafuta mstari wa IMPLICIT NONE, akakompaili upya. Kimya. Hapakuwa na kosa hata moja. Mkapiga makofi, baridi ya Sumbawanga mkaisahau. Mimi sikupiga. Pale pale, kwa kitufe kimoja, aliiharibu programu ya kuhesabu mvua aliyoihangaikia tangu mavuno.

Mengine yote aliyafanya vizuri: kompyuta mpakato ya mtumba, Linux, kompaila ya gfortran isiyolipiwa hata senti, kitabu cha FORTRAN 77 alichokitoa kopi sura moja moja kadiri hela ilivyopatikana. Nampa alama zake, tuendelee.

Turudi kwenye ule mstari. Kazi yake ni kuizima sheria mnayoijua: usipotangaza aina ya jina, Fortran inakuamulia. Jina likianza na I, J, K, L, M au N, ni namba kamili. Likianza na herufi nyingine yoyote, ni namba yenye desimali. John Backus na wenzake wa IBM waliitoa Fortran mwaka 1957 wakifuata mazoea ya wanahisabati, ambao kwao i, j na n ni herufi za kuhesabia. Kwa anayeandika majina ya Kiingereza, sheria hii ni mwiba wa mara moja moja. Kwa anayeandika Kiswahili ni shimo katikati ya njia. Hebu yatazameni majina aliyoyatumia dogo, ambayo nilimsifu kwa kuyaandika kwa lugha yake: MVUA, JUMLA, KIASI, MAHINDI, MBOLEA, LITA, NUSU. Yote saba yamo ndani ya I hadi N. Ngeli zetu zimejaa M na K na N. Utadhani wale mabwana walikaa wakamtegea Mswahili. Waliopona ni akina WASTANI, UREFU na ENEO, na wamepona kwa bahati.

Kwa hiyo alipoandika NUSU = 0.5, mashine ilihifadhi sifuri. Haikulalamika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza mlalamikaji.

Balaa zaidi liko kwenye JUMLA. Safu ya REKODI, yenye mvua ya kila siku, aliitangaza kuwa real, yaani namba zenye desimali, na hapo yuko sahihi. Kisha ndani ya kitanzi akaandika JUMLA = JUMLA + REKODI(I). Chukueni kalamu, namba ni za mfano wangu: siku tano, milimita 0.6, 3.8, 0.9, 7.5 na 0.7. Mtoto wa darasa la sita atakupa 13.5. Programu ya dogo inaanza na 0, inaongeza 0.6, inakata desimali, inabaki 0. Inaongeza 3.8, inabaki 3. Inaongeza 0.9, inabaki 3. Inaongeza 7.5, inabaki 10. Inaongeza 0.7, inabaki 10. Milimita tatu na nusu zimeyeyuka kwa siku tano tu. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na siku za manyunyu zimo. Siku kumi za manyunyu ya 0.8 mfululizo, kwa hesabu hii, ni ukame. Halafu mtu asogeze tarehe ya kupanda mahindi kwa kuangalia jibu hilo!

Watetezi wake wananiambia kitabu chake hakikumfundisha. Kweli, IMPLICIT NONE haimo katika kanuni rasmi za FORTRAN 77; iliingia na Fortran 90. Lakini mstari ulikuwepo! Aliuandika kwa mkono wake, akaufuta kwa mkono wake. Wengine wanasema bando lilikuwa limekwisha, hakuwa na pa kuuliza. Aulize nini? Kompaila ilikuwa inamtajia majina yake, moja baada ya jingine, kwamba halina aina. Huyo ndiye mwalimu pekee asiyedai ada, naye alifungiwa mlango. Dawa ilikuwa mstari mmoja: neno real, nukta pacha mara mbili, kisha majina yote saba yakitenganishwa kwa mkato. Hata baada ya kufuta, angeongeza -Wall kwenye amri, gfortran ingemtahadharisha kwamba thamani inaweza kubadilika. Hakuongeza.

Wazee walioandika programu kwenye kadi za kutoboa wasingefanya hivi. Kadi ilikuwa na safu 80. Maelekezo yalikaa safu ya 7 hadi ya 72, na ukikosea ulisubiri zamu yako upya, pengine hadi kesho. Kwa hiyo programu waliikimbiza kwanza kwenye karatasi, mstari kwa mstari, thamani ya kila jina pembeni. Umaskini wa muda wa mashine uliwafanya wawe makini. Hata nyumbani tunao mfano. Wafua chuma wa Ufipa walisimamisha malungu, tanuru zile ndefu kumpita mtu, zisizotumia mivukuto. Upepo ulijivuta wenyewe kupitia matundu ya chini. Ukishawasha ilungu hukuweza kulifungua katikati urekebishe kipimo cha mawe na mkaa. Kila kitu kilitajwa kabla ya moto.

Na nani angemfundisha dogo nidhamu ya kadi? Mtanisamehe, nitalisema tena. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Hasara ya serikali kwenye kompyuta ilikuwepo, sikatai, lakini adhabu ilimwangukia mwanafunzi. Walimu ambao leo wangekuwa wazee wetu wa Fortran hawakuzaliwa.

Kuna na wale wa kuniambia Fortran imekufa, kijana asome Python. Mamlaka ya Hali ya Hewa imekuwa ikitumia WRF, programu ya kutabiri hali ya hewa, na WRF sehemu yake kubwa ni Fortran. DSSAT, ambayo watafiti wa kilimo hukadiria nayo mavuno ya mahindi, ni Fortran pia, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote mwenye bando. Kwa mkoa unaoishi kwa mahindi, dogo alichagua lugha sawasawa.

Nilimwendea Jumatatu na karatasi yenye zile siku tano. Akaitazama, akacheka, akasema jibu linakaribiana, atarekebisha akipata nafasi. Programu, nimeambiwa, imeshanakiliwa kwenye flashi tatu. Jumamosi ijayo ameahidi kutuhesabia kina cha Ziwa Rukwa, na jina ameshalichagua. KINA. Linaanza na K.