Jina Lililo Kwenye Hati na Jina la Anayeuza

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo anayeuza kiwanja hauzi udongo, bali haki ya kuumiliki kwa muda. Muda huo umeandikwa kwenye hati, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na huhesabiwa tangu tarehe ya hati, si siku ya mauziano. Anayenunua leo kiwanja chenye hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 2000 ananunua haki inayokoma mwaka 2033.

Si kila karatasi ya ardhi ni hati ya aina hiyo. Leseni ya makazi ni ruhusa ya muda mfupi tu. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na halmashauri ya kijiji ina kauli juu ya uhamisho wake. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi wa makubaliano. Haimfanyi mtu kuwa mmiliki aliyesajiliwa.

Mauzo mengi hukwama kwenye jina. Hati ya zamani ina majina mawili, kitambulisho cha Taifa kina matatu. Au mama alisajiliwa kwa jina la baba yake, na sasa anatumia la mumewe. Kiapo mbele ya kamishna wa viapo hueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Hakiwezi kumgeuza mtu kuwa mwingine, na hapa ndipo matapeli hupenyea. Mwenye hati akifariki, mtoto wake mkubwa hana cha kuuza, hata kama hati iko mkononi mwake. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena baada ya jina lake kuingizwa kwenye daftari la ardhi.

Jina lisiloonekana nalo lina uzito. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, ingawa hati ina jina la mmoja tu.

Daftari la Msajili wa Hati ndilo linaloonyesha mmiliki, rehani na zuio lolote. Mnunuzi afanye upekuzi huko kabla ya kutoa hata malipo ya awali.