Metali Si Chuma Wala Madini

Kila inapozuka habari ya kiwanda cha chipu kilichoko Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wanahabari wetu hukimbilia neno 'semikondakta'. Mchuuzi wa Karatina akilisikia, kondakta anayemjua ni yule wa matatu anayemdai nauli. Heri 'nusukipitishi', maana ndani yake mna kitenzi: kupitisha umeme.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni mazoea ya kuandika 'chuma' au 'madini' pale mwanasayansi anapokusudia metali. Chuma ni metali moja tu kati ya nyingi. Madini ni vitu vichimbwavyo ardhini, hata magadi yamo. Ati tofauti ni ndogo? Hebu tuiache silikoni ya chipu, tutazame mfano mgumu zaidi.

Fuwele za molekuli zisizo na chaji aghalabu hazipitishi umeme. Elektroni za kila molekuli zimetulia kwao, na kuzihamisha kunahitaji nishati nyingi. Kwa hivyo wanakemia walizoea kuchanganya molekuli za aina mbili, moja ikitoa elektroni, nyingine ikizipokea. Fuwele mashuhuri ya namna hiyo, TTF-TCNQ, ilitangazwa mwaka 1973. Kisha mwaka 2001 watafiti wa Japani, Akiko Kobayashi na Hayao Kobayashi wakiwemo, wakaeleza fuwele ya molekuli ya aina moja tu: atomu ya nikeli katikati, imeshikwa pande mbili na viunzi vya kaboni vyenye salfa tele. Molekuli yenyewe haina chaji. Lakini ndani ya fuwele, ngazi za nishati zilizojaa elektroni na zilizo tupu zimekaribiana hata zikaingiliana, na elektroni zikapata njia. Umeme ulipita hata fuwele ilipopozwa hadi kelvini 0.6.

Wakaiita metali. Si kwa sababu ya nikeli, la! Zipo fuwele tele zenye nikeli zisizopitisha umeme. Waliiita hivyo kwa tabia yake: ikipoa, hupitisha umeme vyema zaidi. Nusukipitishi hufanya kinyume.

Basi iandike 'fuwele ya chuma', msomaji awaze msumari. Andika 'madini', awaze mgodi. Na neno tunalo, tena Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Mhariri anayefuta 'metali' ati mwananchi aelewe, anamnyima mzazi wa Nyeri neno ambalo bintiye atalihitaji siku atakapoajiriwa kwenye kiwanda kile.