Vumbi Si Kumbukumbu

Jioni moja nilienda kwenye kikao cha kusikiliza santuri hapa Nairobi, zile jioni ambapo watu wanalipa kiingilio, wananunua kinywaji kwa bei ya kuumiza, halafu wananyamaza kama wako kanisani. DJ akaweka sahani ya benga ya miaka ya 70. Kabla gitaa halijaingia, spika zikaanza kutatarika kama sufuria ya bhajia. Msee aliyekuwa amekaa kando yangu akafumba macho.

"Unaskia hiyo?" akaninong'oneza. "Hiyo ndiyo roho ya santuri."

Niliskia, sawa. Nilichoskia ni uchafu.

Sikumwambia, kwa sababu alikuwa na raha na mimi si mtu wa kuharibia watu Ijumaa. Lakini sentensi yake imekaa nami muda mrefu, na sasa naiona kila mahali. Kuna mapigo ya lo-fi yaliyotengenezwa juzi kwenye laptop, yakatiwa sauti ya kutatarika juu ili yaonekane na historia. Kuna video za sindano ikishuka kwenye sahani yenye vumbi la kuandikika jina, na chini yake watu wanaandika "nostalgia". Tumeanza kupenda kelele kuliko wimbo. Nataka kubishana na ladha hiyo, na nitabishana nikitumia vitu vilivyo mezani kwangu: brashi, chupa, kitambaa na kipande cha sponji.

Kwanza, kelele si moja. Ukisikiliza kwa makini, sahani chakavu inatoa angalau kelele tatu, na kila moja ina habari yake.

Ya kwanza ni vumbi. Inatatarika ovyo ovyo, hapa mara mbili, pale kimya, bila mpangilio. Ya pili ni mkwaruzo. Huu una saa yake: sahani ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika itagonga kila baada ya sekunde 1.8, na ile ndogo ya 45 kila baada ya sekunde 1.33. Ukiweza kuhesabu mlio, huo ni mkwaruzo, na hakuna sabuni duniani itakayoutoa. Ya tatu ni kuchakaa. Hii haitatariki. Inamfuata mwimbaji. Akipaza sauti, sauti inakwaruza na kupasuka, akishuka, inatulia. Kuta za mfuo, ule mtaro mwembamba unaobeba muziki, zimeliwa na sindano mbovu au kwa kupigwa mara nyingi mno.

Yule msee alizichanganya zote tatu, akaziita roho. Ni kama kusoma kitabu cha zamani na kushindwa kutofautisha maneno ya mwandishi, alama za kalamu za msomaji wa kwanza, na kinyesi cha mende.

Sasa zana. Kila kifaa cha kusafisha nakipima kwa swali moja tu: uchafu unaenda wapi?

Brashi ya nyuzi za kaboni inajibu vizuri kwa kiasi chake. Unaiweka kwenye sahani inayozunguka, inakusanya vumbi la juu, unaiondoa. Kazi yake ni ya kila siku, kama kufagia mlangoni. Lakini watu wanaisifu kupita uwezo wake. Haigusi mafuta ya vidole, haigusi moshi wa sigara wa baa ya 1978, na ukiibonyeza kwa nguvu ukidhani unasugua, unachofanya ni kusukuma takataka chini zaidi.

Halafu kuna nguo. Wazazi wetu walifuta santuri kwa mkono wa shati, na sisi tunacheka huku tukifuta kwa fulana. Kitambaa kikavu kikisugua sahani kinaamsha umeme tuli, na dakika moja baadaye sahani inavuta vumbi lote la chumba. Uchafu umeenda wapi? Umetoka, umeita wenzake, wakarudi pamoja.

Kuosha ndiko kunakobadilisha mambo. Santuri nyingi tunazookota ni za vinili, jamaa wa mabomba ya plastiki, na haziogopi maji. Ila maji ya mfereji, hasa ukiishi kwenye ploti inayotumia kisima, yanaacha chumvi ndani ya mfuo yakikauka. Mimi nanunua maji ya betri pale petrol station, yale yaliyochujwa kwa mvuke, na nasisitiza kwa yule kijana wa pampu kwamba nataka maji, si asidi. Tone la sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Aisopropili kidogo sana kama sahani ina mafuta. Kitambaa cha maikrofaiba kinafuata mzunguko wa mfuo, hakikatizi. Lebo haiguswi na maji. Kisha unasuuza kwa maji mapya na kufyonza kwa kitambaa kingine safi, na hapa ndipo wengi wanakosea: wanaosha, wanaiacha ikauke na maji yale yale machafu, uchafu unalala chini ya mfuo kama matope ya mto. Mashine za bei zinazofyonza maji kwa pampu hazina uchawi mwingine. Zimejibu tu lile swali langu kwa haraka.

Nimejaribu hata gundi ya mbao. Unaimwaga juu ya sahani, unaisambaza, unalala, asubuhi unaibandua kama ganda. Inatoa uchafu kweli, na kuibandua kuna raha fulani ya kitoto. Lakini ni chupa nzima na usiku mzima kwa upande mmoja, na kosa dogo linakuachia vipande ndani. Nilijaribu kwenye sahani ambayo singeililia. Siirudii.

Sindano ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Ncha yake ni ndogo kuliko unene wa unywele, na uzito wa gramu mbili hivi ukikaa juu ya ncha ndogo kama hiyo ni mgandamizo wa kutisha. Ikiwa na furushi la vumbi, unalima. Brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kulia na kushoto, maana utavunja kijiti chake. Au chukua sponji nyeupe ya melamini ya supamaketi, isiyotiwa sabuni, ukate kipande kama ukucha, ukiweke juu ya mashine iliyozimwa, ushushe sindano kwa lever wima, uinue wima. Mara mbili, tatu. Usiikokote. Utashangaa weusi utakaobaki.

Na kuna kifaa kimoja ambacho kizazi cha babu zetu kilikipenda na ambacho lazima nikikosoe: shilingi juu ya mkono wa sindano. Sahani ikiruka, weka sarafu, wimbo unaendelea. Uchafu ulienda wapi? Hakuna aliyeuliza. Sarafu iliongeza uzito, sindano iliyochakaa ikapita juu ya vumbi kwa nguvu, na kuta za mfuo zikalipa. Sauti nyingi tunazoziita za "kizamani" ni shilingi hiyo.

Mpaka hapa naongea kama mtu msafi. Sasa niwaambie nilichofanya.

Miaka kadhaa iliyopita nyanya yangu alinitumia boksi kutoka Mombasa kwa basi. Ndani kulikuwa na sahani ndogo za 45, nyingi za taarab, baadhi zikiwa na lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand kule kule Mombasa. Chini kabisa kulikuwa na sahani moja kubwa, nzito, nene kama sahani ya kulia. Lebo ilikuwa imeliwa na wadudu. Sikuweza kusoma jina la mwimbaji, ila namba 78 ilibaki.

Ilikuwa chafu kuliko zote, kwa hivyo nikaipa dawa kali kuliko zote: spiriti ya duka la dawa. Nikamimina, nikasugua. Kitambaa kikaja cheusi, nikafurahi. Nikasugua tena. Kikaja cheusi tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ule weusi ulikuwa sahani yenyewe.

Santuri za 78 za enzi ile si vinili. Zilifinyangwa kwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa huko Asia Kusini, ukachanganywa na unga wa mawe. Ndizo sahani alizorekodi Siti binti Saad alipoenda Bombay mwaka 1928. Na spiriti inayeyusha shelaki. Maji ya betri kidogo, kitambaa laini, kukausha haraka, hiyo ingetosha. Mng'ao ukawa kijivu. Nilipoipiga, kulikuwa na upepo, na mbali sana ndani ya upepo, mwanamke anaimba kitu ambacho sitakisikia tena.

Nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Umeiosha kwa nini, mwanangu?" Alimaanisha kwa kitu gani.

"Spiriti, Nyanya."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Ilikuwa ya mamangu," na akaniuliza kama nimekula.

Kwa hivyo sina haki ya kumcheka mtu anayependa kelele. Yule msee anayefumba macho angalau hajaangamiza chochote. Usafi nao una kiburi chake, na kiburi hicho hakiishii kwenye spiriti. Nimesikia nyimbo za zamani zilizopitishwa kwenye programu za kuondoa kelele mpaka upatu ukawa kama karatasi na mwimbaji akaonekana hapumui. Hapo pia kuna mtu alisugua na kufurahia weusi wa kitambaa.

Lakini bado nasimama upande wa kuosha, na sababu ni sahani nyingine kutoka boksi lile lile. Ilikuwa 45, vinili, na mwanzoni ilitatarika kiasi kwamba niliskia sauti ya mwanamume na ngoma tu. Nikaiosha mara tatu, taratibu, nikiwa na woga. Kelele ya vumbi ikaondoka. Chini yake kulikuwa na tashkota, kile kinanda cha vitufe vya taipu cha taarab ya Mombasa, kikikimbia kati ya mistari ya shairi kama mtoto anayewapita watu wazima. Kilikuwapo muda wote. Katikati ya wimbo, hata hivyo, beti moja ilibaki imepasuka. Kila mwimbaji alipopanda, sauti ilichanika. Kuchakaa. Hakutoki.

Nikarekodi, nikamtumia Nyanya kwa WhatsApp. Jibu lake lilikuja usiku, sauti tupu, na redio ikisikika nyuma yake.

"Hapo palipoharibika ndipo tulipokuwa tukiirudisha sindano. Harusi ya mamako mkubwa. Walitaka beti hiyo tu."

Hiyo ndiyo habari iliyokuwa imefichwa na vumbi. Kuchakaa kule kulikuwa kazi ya watu, chumba kizima kikidai beti moja irudiwe. Vumbi lilikuja baadaye, miaka ambayo boksi lilikaa juu ya kabati na hakuna aliyeligusa. Ukilipenda vumbi, unapenda ile miaka ya kusahauliwa, na unashindwa kuisikia harusi.

Hili si jambo la boksi letu peke yake. Mikusanyo kama Kenya Special, iliyotolewa na Soundway ya London mwaka 2013, iliwafanya wengi wa rika langu waanze kuchimbua 45 za nyumbani. Na tepu za studio zikikosekana, anayetaka kutoa wimbo upya hana budi kunakili kutoka kwa sahani iliyobaki. Ile unayonunua Kenyatta Market, kati ya moshi wa nyama choma na akina dada wanaosuka, huenda ikawa kati ya nakala za mwisho nzuri. Ukiipiga chafu kwa sababu unapenda inavyotatarika, kila mara unaipunguza.

Basi ukiinunua, soma lebo kwanza. Kama ni 78, weka spiriti mbali. Kisha angalia sindano yako kwenye mwanga kabla hujaishusha.

Ile sahani ya kijivu bado ninayo. Kuna rafiki aliniambia niitundike ukutani, ati itapendeza. Iko kwenye mfuko mpya wa karatasi, imesimama wima, safi, na kila nikifika pale mwisho wa rafu mkono wangu unaipita.