Mkono Unaosali

Ukitaka kujua kama katekista anaimudu kazi yake, mtazame siku anapowafundisha watoto wadogo ishara ya msalaba. Asiye mzoefu husimama mbele yao, akainua mkono wa kulia, na watoto kwa kumfuatisha wakainua wa kushoto. Aliyebobea huwageuzia mgongo, ili mkono wake na mikono yao iwe upande mmoja. Mtoto anayezidi kukosea humfuata alipo, akasimama nyuma yake, akamshika kiganja na kukipitisha mwenyewe: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Wengi wetu tulijifunza hivyo kwa mama au bibi, kabla hatujajua kusoma.

Tendo hili dogo lina ufundi wake. Mkono wa kushoto hutulizwa kifuani. Wa kulia hufunguliwa, vidole vikiwa vimenyooka na kushikamana. "Kwa jina la Baba" husemwa vidole vikigusa paji la uso. "Na la Mwana", kifua. "Na la Roho", bega la kushoto. "Mtakatifu", bega la kulia. Viganja hukutana kwenye "Amina". Anayejua hausukumi mkono mbele ya maneno wala hauachi nyuma yake. Kinywa kinataja Utatu Mtakatifu na mkono unachora msalaba, hivyo mafumbo mawili makuu ya imani hukiriwa kwa pumzi moja. Sijui sala nyingine inayobeba mengi kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Na ni sala ya kale, tena iliyoshamiri mapema katika Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago, katika Tunisia ya leo, aliandika kwamba Wakristo walijitia alama hiyo kwenye paji la uso walipotoka na kuingia nyumbani, walipovaa, walipooga, walipoketi mezani, walipowasha taa na walipokwenda kulala. Hakutaja mahali pa ibada hata kidogo. Alitaja shughuli za kutwa nzima. Ile alama ndogo haijapotea. Padri humtia mtoto anapopokewa kwa Ubatizo, kisha wazazi na wasimamizi wakafanya vivyo hivyo. Askofu huichora kwa krisma katika Kipaimara. Jumatano ya Majivu tunaipokea tena, na kabla ya Injili kila mmoja hujichorea kwa kidole gumba kwenye paji la uso, midomoni na kifuani.

Watu wameilinda kwa gharama kubwa. Waorthodoksi huunganisha kidole gumba na viwili vinavyofuata kwa heshima ya Utatu, wakaanza na bega la kulia. Huko Urusi, Patriaki Nikon alipoagiza mwaka 1653 kwamba vidole vitatu vichukue nafasi ya viwili vya zamani, Kanisa liligawanyika, na padri Avvakum, aliyeshikilia mapokeo ya wazee wake, alichomwa moto mwaka 1682. Martin Luther naye, pamoja na yote aliyoyabadilisha, hakuiacha: katika Katekisimu Ndogo ya 1529 alielekeza kwamba Mkristo ajitie ishara ya msalaba aamkapo na alalapo.

Ndiyo maana inauma kuiona ikifanywa ovyo. Tunachovya kidole kwenye maji ya baraka huku macho yakitafuta nafasi ya kukaa, na mkono unapita usoni kama wa mtu anayefukuza inzi. Padri Romano Guardini alililia jambo hilo Ujerumani katika miaka ya 1920. Aliwasihi waamini waifanye kwa utulivu, iwe pana, ienee mwili mzima toka paji la uso mpaka kifuani, toka bega hadi bega. Paji la uso ndipo penye mawazo, kifua ndipo penye moyo, na mabega ndiyo yanayobeba mizigo yetu. Mkono ukipita kote huko bila pupa, hakuna sehemu ya mtu inayobaki nje ya sala.

Dereva anayejiandaa kuondoa basi alfajiri hana nafasi ya rozari nzima. Muuguzi anayeingia zamu hana, wala mama anayepakua chakula watoto wakiwa na njaa. Lakini kila mmoja wao anazo sekunde chache za kuyatamka majina yale matatu yote na kuufikisha mkono mahali pote panne. Mtoto aliye pembeni anatazama, na hapo ndipo anapojifunza, kuliko darasani. Waswahili wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: akituona tunaparaza, ataparaza, akituona tunaifanya kwa heshima, atakuwa na sala kamili hata kabla hajajua kukariri nyingine yoyote.